Nyumba ya bibi Wete inataka kuuzwa, na ndo pahala pekee napotulia

Mwana_wa_Wete
Asalam alaikum ndugu zangu. Nnakaa Fuoni, Unguja, ila kwetu Wete, Pemba. Mama katufariki mwaka jana, miezi miwili baadae nkapunguzwa kazi hotelini, tangu hapo usingizi umenikimbia, moyo unakwenda mbio tu. Siku moja nkapanda boti nkenda kukaa barazani kwa bibi, wallahi nkalala pale pale juu ya jamvi tangu alasiri mpaka adhana ya magharibi ikaniamsha. Ukutani bado lipo doa la mafuta ya nazi bibi alipokuwa akiegemeza kichwa akichambua karafuu, na mie nkajikuta nimeegemea hapo hapo. Sasa kaka anataka tuiuze, anasema udongo tu ule. Jee, ni mie peke yangu napashikwa na pahala hivi? Au nayakimbia maisha?

nesi_Chake
Makiwa ndugu yangu, Allah amrehemu mama. Hujakimbia kitu. Mtafiti Roger Ulrich aliandika 1984 kuhusu wagonjwa waliopasuliwa nyongo hospitali moja ya Pennsylvania, Marekani, waliolazwa dirisha linatizama miti walitoka mapema na walihitaji dawa kali za maumivu kidogo kuliko wale waliotizama ukuta wa matofali. Na hiyo ni miti wasoijua, seuze baraza ulojifunzia kutambaa! Ila usingizi kupotea muda wote huo nenda hospitali pia wakutizame, usitegemee baraza peke yake.

Abuu_Forodhani
Udongo tu? Beit al Ajaib, lile jumba la kale la Mji Mkongwe, ilipoporomoka Desemba 2020 baba yangu siku tatu chakula hakimpiti, na hajalala mle hata usiku mmoja. Mwambie kaka yako.

Ummu_Malindi
Mie nna mengine. Ndugu yangu alikuwemo kwenye meli ya Spice Islander, usiku ule wa Septemba 2011 ilipozama huko Nungwi ikenda Pemba. Nimezaliwa Malindi, bahari ndo ilonilea, lakini baada ya pale nkawa nkipita ufukweni kwenye daladala nafumba macho, karibu miaka mitatu hivyo. Mwisho shangazi akanchukua Jambiani kwenye mwani wake, hakunambia niitizame bahari wala nisiitizame, kanipa kamba tu na vijikonyo vya mwani nifunge, maji ya magotini, jua la asubuhi. Siku ya nne nkainua kichwa nkaona kumbe nnaangalia kule kwenye mwamba mawimbi yanapokatika, na silii. Kwa hio pahala panaponya na pahala pale pale panaumiza. Kaka yako muulize vizuri mwanangu, usibishane nae mambo ya pesa, muulize yeye akiingia pale anaona nini.

Mwana_wa_Wete
Mama angu umenshtua. Nimempigia usiku huu huu. Kumbe hajaingia mle tangu siku tulipomtoa mama, yeye ndo alibeba jeneza mbele, wakagonga fremu ya mlango na ule mlio hadi leo anausikia. Mie sikujua, nlikuwa nyuma kabisa. Kalia, na mie nkalia. Kasema tusiuze kwanza mpaka karafuu zimalizike, na Ijumaa atakuja tuchambue pamoja, lakini ataingilia mlango wa uani.