Kiti cha Puthuppally: kilichaguliwa au kilirithiwa?

Mleta mada (Maskati)

Assalaam alaykum wadau. Mnaokaa huku Omani mtanielewa haraka. Ghalani kwetu Ruwi nusu ya wafanyakazi ni watu wa Kerala, kusini mwa India, na wakati wa chai mazungumzo yao ni mawili tu: tiketi ya kwenda Kochi imefika bei gani, na siasa za kwao. Kura wanayo, lakini sheria ya India inamtaka mtu aende mwenyewe kituoni kwake. Ubalozini hakupigwi kura. Kwa hiyo unamkuta mtu ana miaka ishirini huku, hajagusa karatasi ya kura, na anakutajia kila kijiji chao kilivyopiga. Kwa kuwasikiliza hawa nimelijua jimbo moja la Kerala kuliko jimbo langu mwenyewe la Unguja.

Kerala ina baraza lake la kutunga sheria, wawakilishi 140. Sisi wa Zanzibar hilo halitupi tabu kulielewa, na mkuu wa serikali yao nitamwita Waziri Kiongozi kama tulivyokuwa tukimwita wetu.

Jimbo lenyewe ni Puthuppally, wilaya ya Kottayam, nchi ya mashamba ya mpira na makanisa ya kale. Mwaka 1970 kijana wa chama cha Congress ambaye hata miaka 27 hajatimiza, Oommen Chandy, alimng'oa mwakilishi wa chama cha kikomunisti cha CPI(M), E. M. George, kwa tofauti ya kura 7,288. Ndiyo akaingia, asitoke tena. 1977, 1980, 1982, 1987, 1991, 1996, 2001, 2006, 2011, 2016, 2021. Mara 12 mfululizo. Katikati hapo akawa Waziri Kiongozi mara mbili. Alifariki tarehe 18 Julai 2023 akiwa bado mwakilishi wa jimbo lile lile, miaka 53 kasoro kidogo. Na mwaka 1980 kundi lake la Congress lilikuwa limeungana na mrengo wa kushoto, yaani na wale wale aliowapokonya kiti. Watu wa Puthuppally wakampa vile vile. Walikuwa wakimchagua yeye, chama kilikuja nyuma.

Sasa tazameni tofauti za kura zake. Mwaka 2011 alishinda kwa 33,255. Mwaka 2016, 27,092. Mwaka 2021, 9,044 tu. Mzee alikuwa akishuka. Kisha akafa, na tarehe 5 Septemba 2023 ukafanyika uchaguzi mdogo. Congress ikamsimamisha mwanawe, Chandy Oommen. Akashinda kwa 37,719.

Maiti alimpatia mwanawe tofauti kubwa mara nne kuliko ile aliyojipatia mwenyewe mara ya mwisho akiwa hai! Hesabuni siku: toka kifo mpaka kura ni siku 49. Arobaini ilikuwa haijapoa. Mimi naziita kura za matanga.

Hoja yangu ni hii, na naomba muipinge kwa hoja: ndugu wa karibu wa marehemu asiruhusiwe kugombea uchaguzi mdogo uliotokana na kifo hicho. Asubiri uchaguzi mkuu, kama wengine.

Mchangiaji wa Mombasa

Ndugu yangu, umetuchagulia jimbo linalokufaa. Hebu vuka uende Pala, wilaya hiyo hiyo ya Kottayam. K. M. Mani, mkuu wa chama cha Kerala Congress (M) kilichokuwa upande wa Congress, alikishika kiti cha Pala toka jimbo lilipoundwa mwaka 1965 mpaka alipofariki Aprili 2019. Alishinda mara 13, kumpita hata huyo Chandy wako. Kukaja uchaguzi mdogo mwezi Septemba, na familia na chama wakaanza kugombania urithi. Mwana, Jose K. Mani, anavuta huku, mzee mwingine wa chama, P. J. Joseph, anavuta kule. Ugomvi ukafika mahali mgombea wao, Jose Tom, akanyimwa alama ya chama ya majani mawili, akapewa nanasi. Nanasi, jamani! Baada ya miaka na miaka ya kupigia majani mawili.

Akashinda Mani C. Kappan wa upande wa kushoto, kwa kura 2,943. Kappan huyu marehemu Mani alikuwa amembwaga mara tatu, 2006, 2011 na 2016.

Mwaka 2021 mwana akaja mwenyewe. Safari hii yeye kahamia kushoto na Kappan kahamia upande wa Congress, wamebadilishana majahazi katikati ya bahari. Mwana akaanguka kwa kura 15,378. Jina la baba lilikuwa lile lile, jimbo lile lile. Sasa kurithi kuko wapi? Wapigakura wa Kottayam si watoto yatima. Wakitaka kumpa mtoto wanampa, wasipotaka wanamkatalia, na sheria yako haina kazi hapo.

Mleta mada (Maskati)

Ahsante bwana, ila silaha hiyo umenikabidhi mimi. Pala kifo kilikuwa Aprili na kura Septemba, miezi mitano. Mwana hakusimama hapo. Alisimama miaka miwili baadaye, machozi yamekauka, akapimwa kwa matendo yake, akaanguka. Ndicho hasa ninachokitaka. Mtoto aliyesubiri alipimwa yeye. Aliyekimbilia Puthuppally alipimiwa babake.

Mchangiaji wa Dar es Salaam

Tuache hisia, tushike kalamu. Mwaka 2021 Oommen Chandy alipata kura 63,372 na Jaick C. Thomas wa CPI(M) 54,328. Mwaka 2023 mwana alipata 80,144, Jaick yule yule akapata 42,425. BJP, chama cha utaifa wa Kihindu, nao walitoka 11,694 wakabaki na 6,558.

Mwana aliongeza kura 16,772 juu ya za baba. Jaick alipoteza 11,903, BJP wakapoteza 5,136, jumla 17,039. Hesabu haikuambii nani alihama kwenda wapi, lakini alichoongeza huyu ni karibu sawa na walichopunguza wale. Ingekuwa ni msiba tu, ningetegemea wale wa kwake watoke kwa wingi na wa kushoto wabaki kwao. Hapa watu wa kushoto wenyewe wamepungua. Serikali ya Pinarayi Vijayan, Waziri Kiongozi wa CPI(M), ilikuwa mwaka wa tatu wa awamu yake ya pili, na Kerala awamu ya pili mfululizo ni jambo geni; kwa miongo minne walizoea kubadilisha kila baada ya miaka mitano. Uchaguzi mdogo ni mahali pazuri pa kuipiga serikali kofi bila kuiangusha.

Halafu kuna kanisa, ambalo mkuu umeliruka. Orthodox na Jacobite, pande mbili za kanisa moja la kale lililogawanyika, wanagombania makanisa huko miaka na miaka, na hukumu ya Mahakama Kuu kabisa ya India ya mwaka 2017 iliwapa nguvu Orthodox. Chandy alikuwa Orthodox. Manarcad, palipo na kanisa kubwa la Jacobite, pamo ndani ya jimbo hili. Wachambuzi wengi walieleza kushuka kwake mwaka 2021 kwa kura za Jacobite kuhamia kushoto. Ikiwa ni hivyo, basi ile 9,044 ndiyo ilikuwa mwaka wa ajabu, na 37,719 ni jimbo kurudi nyumbani: 2011 tofauti ilikuwa 33,255. Wewe umechukua bonde ukalilinganisha na kilima.

Mchangiaji wa Dubai

Niulize kitu kimoja kwa mleta mada, na naomba asinijibu kwa hasira. Mwaka 2022, jimbo la Thrikkakara, karibu na Kochi. Mwakilishi wake wa Congress, P. T. Thomas, amefariki Desemba 2021, mjane wake Uma Thomas akasimama akashinda kwa kura 25,016. Uchaguzi mkuu wa 2021 Kerala ilipeleka barazani wanawake 11 kati ya 140. Kumi na moja, katika nchi inayosifiwa kwa elimu ya wanawake. Vyama haviwapi wanawake majimbo mepesi. Sheria yako itakaa mlangoni na mtu wa kwanza kumzuia atakuwa mjane. Mtoto wa kiume atapenya tu, maana chama kitamtafutia kiti kingine.

Wewe uliona ufalme; mimi niliona mwanamke aliyepata mlango mmoja uliokuwa wazi.

Mchangiaji wa Unguja

Mimi sina tabu na mtoto, nina tabu na baba.

Watu wanamsifu Oommen Chandy kwa kuwa nyumba yake haikuwa na mlango. Kila Jumapili akiwa Puthuppally uani kunajaa watu: huyu anataka barua ya hospitali, huyu pensheni, huyu mtoto wake hajapata nafasi ya masomo. Alipokuwa Waziri Kiongozi akaligeuza kuwa mpango wa serikali, Jana Samparkam, anasimama wilaya nzima ikipita mbele yake mpaka usiku wa manane, anasaini. Umoja wa Mataifa ukampa tuzo mwaka 2013, akaenda kuipokea Bahrain, hapo hapo jirani yenu. Wapinzani wake walisema Waziri Kiongozi anafanya kazi ya ofisa wa kijiji, na mimi nawaunga mkono. Mjane akipata pensheni yake kwa sababu mkubwa kaitia saini kwa mkono wake, hiyo si haki tena, ni hisani, na hisani inadaiwa. Inalipwa kwenye sanduku la kura, na deni likikosa mwenyewe analipwa mwanawe.

Mwaka 2023 wa kushoto waliliona hilo, wakataka mjadala uwe wa maendeleo: miaka 53, jimbo lina nini? Swali zuri. Lakini unamwuliza nani? Unamwuliza mtu aliyesainiwa barua ya hospitali ya mamaye. Yule kijana Jaick alishindwa na baba mara mbili, akaja kushindwa na mwana, na sidhani alikosea hoja hata moja.

Kwa hiyo kumzuia mwana asigombee ni kukata tawi. Ofisi zifanye kazi bila saini ya mkubwa, uone kama jina litabaki na uzito.

Mleta mada (Maskati)

Dada wa Dubai, sina jibu la hasira, na la utulivu pia sina. Nimelala nalo. Nalegeza: nisiwazuie ndugu. Sheria ya India inatoa miezi sita kujaza kiti kilicho wazi. Basi itumike yote, isiwe siku 49. Mjane asimame, mwana asimame, lakini arobaini ipoe kwanza na watu wale wali wa msiba wamalize.

Kaka wa Dar, bonde na kilima nimekikubali. Ningekuwa nimeanza na 2011 nisingeshtuka hivi.

Na huyu wa Unguja nilimpelekea maneno yake mwenzangu wa ghalani, mtu wa Pampady, ndani ya jimbo lenyewe. Hakukataa. Akaniambia babake alipougua, barua ya matibabu ilisainiwa na Chandy mwenyewe, wima, mgongo wa mtu ndiyo meza. Nikamwuliza, na mwana je, naye anasaini?

Akafikiri kidogo. Akasema hajui, toka 2023 hajapata shida.

Mchangiaji wa Mombasa

Basi mwambie akipata aje atuambie hapa. Na wali wa msiba kwa miezi sita, bwana, nani ataupika?