OCT (picha ya retina, utando wa nyuma ya jicho) ya mathe Kisumu na Nakuru hazifanani, niamini gani?

Wadau, mathe ana sukari na macho yanafifia. Kisumu unene wa retina katikati ulisoma mikroni 262, wiki iliyofuata Nakuru ikasoma 281, sasa anaogopa sindano ya jicho. Imefura kweli ama?

— Pole sana. Mashine ni ileile? Kuna aina tofauti za mashine: Cirrus inapima mpaka tabaka la rangi la retina, Spectralis inashuka mpaka utando wa Bruch ulio chini ya hilo tabaka, kwa hivyo jicho lilelile litasoma juu kidogo kwa Spectralis. Stratus za zamani ndio zilikuwa chini kabisa, tofauti na Spectralis hata mikroni 60 na kitu.

— Mi hupiga hizi picha kazini. Usibebe namba peke yake, omba picha yenyewe uone ile mistari ya juu na chini ambayo mashine inachora kuonyesha mipaka ya retina, mmoja ukiruka mahali retina imefura basi hiyo namba ni bure. Kama ana mtoto wa jicho picha inakuwa hafifu, kwa Cirrus nguvu ya signal ikiwa chini ya 6 kwa 10 tunarudia, tena unamwambia apepese kwanza kwa sababu jicho kavu linaharibu picha.

— Asanteni, nimecheki, kumbe ni Cirrus na Spectralis. Nitaomba picha zote.

— Poa, lakini kliniki asikose. Daktari akiona maji ndani ya retina, sindano isingoje.