Tempo, mdundo, mita, ufunguo: kila neno linajibu swali gani?

Muulizaji

Habari zenu wote. Nimeanza kujifunza kinanda nikiwa mtu mzima, na kitabu ninachosoma kinataja istilahi za muziki kana kwamba msomaji alizaliwa akizijua. Tempo, mdundo na mita kwangu vinaonekana kuwa kitu kimoja kilichopewa majina matatu. Vilevile nimeambiwa wimbo ninaoujifunza uko katika G, lakini katika mstari wa pili naona kordi za C na D, nami nashindwa kuelewa hiyo G imekwenda wapi. Naomba mwenye ujuzi anieleweshe. Fasili ninazo tayari. Ninachotaka kujua ni kila neno linamsaidia mpigaji kutambua nini anaposikia au kupiga wimbo.

MpigaNgoma

Karibu sana. Nichukue yale matatu ya mwanzo, maana ndiyo kazi yangu.

Msingi wa yote ni pigo, yaani kile kishindo cha kujirudia kinachokufanya utikise mguu bila kuambiwa. Pigo linaendelea hata pale ambapo hakuna ala inayolitoa, kwa sababu mpigaji analihesabu kichwani. Tempo ni kasi ya mapigo hayo tu, na ndiyo maana inaweza kuandikwa kwa tarakimu: 60 ni mapigo 60 kwa dakika, pigo moja kila sekunde, na 120 ni kasi maradufu. Kifaa cha kupimia kasi hiyo ni metronomu, ambayo Johann Maelzel aliipatia hataza mwaka 1815, na Beethoven alikuwa miongoni mwa watunzi wa kwanza kuandika tarakimu zake kwenye kazi zao. Pamoja na hayo, mpaka leo utakutana na maneno ya Kiitaliano kama adagio kwa mwendo wa polepole, andante kwa mwendo wa wastani wa kutembea, na allegro kwa mwendo wa haraka, ambayo kila mpigaji huyapima kwa akili yake.

Mdundo ni mpangilio wa sauti ndefu, sauti fupi na vituo vya kimya juu ya mapigo hayo. Pigo moja linaweza kubeba noti moja, mbili au nne, na noti moja ndefu inaweza kudumu kwa mapigo matatu. Ukipiga makofi kwa kufuata silabi za wimbo, mikono inapiga mdundo. Ukitikisa mguu wakati huohuo, mguu unashika pigo. Punguza kasi ya vyote viwili kwa pamoja, na kilichobadilika ni tempo peke yake.

Mita nayo ni jinsi mapigo yanavyojipanga katika mafungu, zito likifuatwa na mepesi, na hapa ndipo penye utamu. Hesabu kwa sauti noti sita zilizolingana urefu, ukikaza zile zilizoandikwa kwa herufi kubwa: MOJA mbili TATU nne TANO sita. Hiyo ni 3/4, yenye mapigo matatu, kila pigo likigawanyika mara mbili. Sasa, bila kubadilisha kasi hata kidogo, hesabu hivi: MOJA mbili tatu NNE tano sita. Hiyo ni 6/8, yenye mapigo mawili, kila moja likigawanyika mara tatu. Noti ni zilezile sita na muda ni uleule, lakini mwili unayumba kwa namna nyingine kabisa. Mtu akiniambia kwamba 3/4 na 6/8 ni kitu kimoja kwa kuwa hesabu ya sehemu inatoka sawa, humwomba acheze badala ya kukokotoa.

SautiYaPili

MpigaNgoma amemaliza upande wa muda, basi nijibu kuhusu G.

Kutoka G hadi G inayofuata, umbali unaoitwa okteva, kuna nusu toni 12; nusu toni ni umbali wa kutoka kibonye kimoja hadi kinachokifuata, kiwe cheupe au cheusi, na toni nzima ni nusu toni mbili. Skeli ya meja huchagua noti saba kwa hatua hizi: toni nzima, nzima, nusu, nzima, nzima, nzima, nusu. Anzia G kwenye kinanda chako, na utapita A, B, C, D na E kwa vibonye vyeupe bila shida. Ukifika noti ya saba, F ya kawaida haikufai, kwa sababu kati ya E na F hakuna kibonye cheusi, hivyo umbali wao ni nusu toni tu, ilhali hapo inatakiwa toni nzima. Unapanda hadi F shapu, kibonye cheusi kilicho nusu toni juu ya F. Ndiyo sababu mwanzoni mwa kila mstari wa wimbo ulio katika G meja huwekwa alama moja ya shapu, inayokuagiza upige kila F kama shapu mpaka uambiwe vinginevyo.

Kordi ni noti tatu au zaidi zinazosikika pamoja. Kordi ya G ina G, B na D. Ya C ina C, E na G. Ya D ina D, F shapu na A. Zikusanye zote na utapata noti saba za skeli ya G, bila hata moja ngeni. Kwa hiyo G yako haijakwenda popote: ufunguo unataja noti ambayo wimbo mzima unaiona kuwa nyumbani, na kordi nyingine zinaondoka hapo na kurejea. Jaribu kumalizia wimbo kwenye kordi ya D kisha uinue mikono. Sikio litabaki linadai kitu, kwa kuwa F shapu iko nusu toni tu chini ya G na inavuta kuelekea huko. Waimbaji wa solfa wanaijua vizuri hiyo "ti" isiyotulia mpaka ifike "do", na ile "Do = G" iliyoandikwa juu ya karatasi zao ndiyo ufunguo wenyewe.

Muulizaji

Nawashukuru sana, hasa kwa kuhesabu sita kwa njia mbili. Nina maswali mawili madogo. Kitabu kinasema meja ni furaha na maina ni huzuni. Je, hiyo ni kanuni? Pili, "sauti ya juu" na "sauti kubwa" zinanichanganya.

MpigaNgoma

Si kanuni. Ukishusha B ya katikati ya kordi ya G kwa nusu toni, iwe B flati, umeshapata G maina, na wengi huisikia kuwa na majonzi kidogo. Lakini wimbo wa maina ukipigwa kwa kasi na mdundo wa kuchangamka huchezwa kwa shangwe, na wimbo wa polepole wa meja unaweza kuliza watu. Kitabu kimerahisisha mno.

VibonyeTu

Nijibu la pili. Ujuu wa sauti, au kidatu, hutokana na wingi wa mitetemo kwa sekunde. A inayotumiwa sana kulinganishia ala hutetema mara 440 kwa sekunde, na A iliyo okteva moja juu yake mara 880. Ukubwa wa sauti ni nguvu ya mtetemo huo, nao huandikwa p kwa piano, yaani kwa upole, na f kwa forte, yaani kwa nguvu. Crescendo ni kuongeza nguvu hatua kwa hatua.

Mambo haya hayategemeani, ingawa mikono yetu hudhani yanategemeana. Wanafunzi wengi wakiona crescendo huanza kukimbia, na wakifika mahali pa piano huzembea na tempo inalala. Waimbaji nao wakipunguza nguvu hushuka kidatu pole pole bila kujua. Washa metronomu unapofanyia mazoezi sehemu hizo, nayo itakuonyesha ni pigo gani ulilolitangulia.