Nafaka za boksi au uji wa dona: nichague kipi kwa kifungua kinywa cha watoto na cha mama mwenye kisukari?

MamaWawili (Mtwara Mjini) ameuliza:

Ndugu zangu, naomba ushauri katika jambo ambalo limenitatiza tangu mama yangu mzazi alipohamia kwangu hapa Shangani akitokea Newala. Mama ana miaka 64, anaugua kisukari cha aina ya pili na anameza vidonge asubuhi na jioni. Nina watoto wawili pia, mmoja wa miaka 7 anayeondoka kwenda shule kabla ya saa moja, na mwingine wa miaka 4. Miaka yote kifungua kinywa chetu kimekuwa chai ya maziwa na vitumbua, na siku nyingine muhogo wa kuchemsha, kwa sababu ndivyo nilivyolelewa na kwa sababu vitumbua vinapita mlangoni kabla jua halijachomoza.

Mwezi uliopita kaka yangu aliyeko Dar es Salaam alituletea maboksi matatu ya nafaka za asubuhi: moja la konfleksi za kawaida, moja la vipande vya mahindi vilivyopakwa asali, na moja la oti. Watoto wamelipenda lile la asali kiasi cha kukataa kitu kingine chochote. Mama naye aliona boksi limechorwa moyo mwekundu na kuandikwa kwamba limeongezewa vitamini na madini ya chuma, akaniuliza kama na yeye anaruhusiwa kula. Sikuwa na jibu. Usiku nilikaa na lile boksi chini ya taa nikasoma maandishi madogo ya ubavuni, nikaona kwamba kila gramu 100 zina gramu 28 za sukari na gramu 3 za nyuzinyuzi. Je, hicho ni kiasi kikubwa au kidogo? Boksi linasema mlo mmoja ni gramu 30, lakini nilipojaza bakuli la mwanangu mkubwa kama anavyolijaza yeye, nikalipeleka kwenye mizani ya duka la jirani, nafaka peke yake zilifika gramu 60.

Ninachotaka kujua ni namna ya kuchagua nafaka iliyo njema, nikiwa mtu asiye mtaalamu anayesimama mbele ya rafu ya duka. Pia naomba kujua kama uji tuliouzoea ni duni kuliko hizi za boksi, au ni sisi tu tumeudharau.

Lishe_Lindi amejibu:

Dada MamaWawili, kwanza nakupongeza kwa kupima lile bakuli, kwa sababu wazazi wengi husoma kipimo kilichoandikwa na boksi bila kuangalia kile anachokula mtoto. Nimefanya kazi ya ushauri wa lishe katika wilaya za Lindi kwa muda mrefu, na jambo hili naliona mara kwa mara.

Tuanze na sukari. Gramu 28 katika kila gramu 100 ni kiasi kikubwa. Uingereza, ambako pakiti nyingi hupakwa rangi za taa za barabarani, chakula kinachozidi gramu 22.5 za sukari kwa gramu 100 huwekewa rangi nyekundu, na chenye gramu 5 au pungufu huwekewa kijani. Bakuli la mwanao la gramu 60 lina karibu gramu 17 za sukari, yaani vijiko vya chai vinne na zaidi kidogo, kabla hajagusa kitu kingine siku nzima. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba sukari ya kuongezwa, pamoja na ile ya asali na ya juisi, isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikishuka chini ya asilimia 5 ni bora zaidi. Kwa mtu mzima anayehitaji kilokalori 2,000 hizo ni gramu 50, au 25 kwa kiwango kile bora. Mtoto wa miaka 7 anahitaji nishati pungufu ya hiyo, kwa hiyo na kiasi chake cha sukari ni kidogo zaidi. Zingatia kwamba asali inahesabiwa humo humo, maana wengi wetu tunaamini kwamba asali ikiwa kwenye boksi si sukari.

Ukisimama mbele ya rafu, usisome uso wa boksi, geuza ubavu. Viambato huandikwa kwa kufuata uzito, kilicho kingi zaidi kikitangulia, kwa hiyo kama sukari ni ya pili au ya tatu, rudisha boksi mahali pake. Angalia pia majina yake mengine: sharubati ya glukosi, molasi, asali, na majina mengi yanayoishia kwa herufi o-s-e ni sukari ileile. Baada ya hapo tafuta makapimlo, ambayo ndiyo hizo nyuzinyuzi. Katika nchi za Ulaya chakula hakiruhusiwi kudai kwamba kina makapimlo mengi mpaka kifikishe gramu 6 kwa kila gramu 100, na boksi lako lina nusu ya hizo. Mimi huwaambia akina mama watafute sukari isiyozidi 5, na wakikosa kabisa isizidi 10, na makapimlo kuanzia 6 kwenda juu. Chumvi nayo itazamwe, hasa kwa mzee mwenye shinikizo la damu, na pakiti ikitaja sodiamu badala ya chumvi, zidisha kwa 2.5 ili upate kiasi cha chumvi.

Maandishi kuhusu vitamini na madini ya chuma si uongo, na kwa mtoto mwenye upungufu wa damu madini hayo yana faida, ila hayapunguzi sukari iliyomo. Isitoshe, chai tunayokunywa juu yake huzuia mwili kufyonza sehemu ya chuma hicho. Mpe mtoto chungwa au kipande cha embe, chai isubiri walau saa moja.

Konfleksi za kawaida zina sukari kidogo kuliko zile za asali, lakini mahindi yake yameondolewa ganda na kiini, kwa hiyo hupandisha sukari ya damu haraka, karibu sawa na mkate mweupe. Kwa mama nisingezichagua. Oti ndiyo bora kati ya maboksi yako matatu, mradi iwe ile ya vipande bapa isiyotiwa sukari wala ladha, kwa kuwa ina aina ya makapimlo iitwayo betaglukani ambayo huvuta maji, hufanya ute tumboni na kuchelewesha wanga kuingia kwenye damu. Gramu 3 za betaglukani kwa siku husaidia kushusha kolesteroli.

Nitaje jambo moja la pembeni, kwa sababu huwasaidia watu kuelewa. Nafaka hizi za vipande zilianzia Battle Creek, Marekani, mwaka 1894, kwenye kituo cha tiba alichokiongoza daktari John Harvey Kellogg, na zilikusudiwa kuwa chakula chepesi cha wagonjwa. Mdogo wake Will Keith, aliyeanzisha kampuni yake mwaka 1906, ndiye aliyetaka ziongezwe sukari, na kaka yake hakulikubali hilo.

MkulimaNachingwea amejibu:

Nakushukuru Lishe_Lindi kwa maelezo hayo, lakini swali la dada kuhusu uji halijaguswa, nami ningependa kulijibu kwa sababu mtama ninaupanda mwenyewe.

Dada yangu, uji si duni hata kidogo, ila uji wa sembe si sawa na uji wa dona. Mahindi yakikobolewa, yale maganda na kiini anayopewa kuku ndiyo yenye makapimlo, sehemu kubwa ya vitamini za kundi B na madini. Mtama hali kadhalika. Ukienda mashineni, mwambie mtu wa mashine asikoboe, asage tu, na asage unga wa chengachenga kidogo, usiwe laini kama poda. Saga kidogo kidogo, unga wa wiki mbili basi, kwa kuwa kiini kina mafuta na katika joto na unyevunyevu wetu wa pwani unga wa dona huanza kunuka mapema kuliko sembe. Hifadhi kwenye ndoo yenye mfuniko unaobana, mbali na jiko.

Uji wenyewe ukiwa wa unga na maji tu haushibishi, ndiyo maana watu huujaza sukari ili unyweke. Sisi tuna korosho. Ulizia kwa wanawake wanaobangua, korosho zilizovunjika huuzwa kwa bei nafuu kuliko nzima ingawa chakula ni kilekile. Zikaange pasipo mafuta mpaka zibadilike rangi, zitwange kwenye kinu zikiwa bado na chengachenga, kisha tia vijiko viwili vya mezani kwenye bakuli la uji uliokwisha kuiva. Ufuta nao ufanye vivyo hivyo: ukaange kwa moto mdogo, ukianza kurukaruka ndani ya sufuria na harufu ikatoka, epua mara moja, maana ukichelewa kidogo tu unakuwa mchungu. Watoto wangu walizoea uji wa namna hiyo bila sukari ndani ya majuma matatu hivi, kwa sababu korosho zina utamu wake.

Kwa huyo mdogo wa miaka 4 tumia kimea. Loweka ulezi usiku mmoja, uchuje, ufunike kwa kitambaa chenye unyevu siku mbili au tatu mpaka uchipue, uanike ukauke kabisa, fikicha uondoe vichipukizi, kisha saga. Uji mzito ukitiwa kijiko kimoja cha kimea huwa mwepesi mbele ya macho yako, na mtoto anapata chakula kingi ndani ya kikombe kidogo. Nashauri ulezi na si mtama, kwa kuwa vichipukizi vya mtama vina sumu ya jamii ya sayanidi na visipoondolewa vizuri ni hatari.

Jambo la mwisho ambalo naliandika kwa msisitizo: usinunue ule unga wa lishe uliochanganywa nafaka saba au nane pamoja na karanga na soya usiojua ulikotoka. Soya isiyokaangwa vizuri huzuia mwili kutumia protini, na karanga au mahindi yaliyopata ukungu hubeba sumukuvu, ambayo haiondoki kwa kuchemsha. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Karanga chambua mwenyewe kwenye ungo, moja moja, na kila iliyosinyaa, iliyobadilika rangi au iliyovunjika itupe, hata kuku asipewe.

Nesi_Mikindani amejibu:

Nakubaliana na mkulima kwa karibu kila neno, ila pana sehemu moja ambayo MamaWawili anapaswa kuwa mwangalifu nayo. Kimea kinafaa kwa mtoto, lakini mama mwenye kisukari asikitumie. Kile kinachoufanya uji uwe mwepesi ni vimeng'enya vinavyovunja wanga na kuugeuza kuwa sukari tayari kabla haujafika mdomoni. Nimewahi kumhudumia mzee aliyekuwa akipikiwa uji wa kimea kila asubuhi kwa nia njema kabisa, na familia haikuelewa kwa nini vipimo vyake havishuki ilhali hawatii sukari hata chembe.

Kwa mama, uji uwe mzito, wa dona ya mtama au wa oti, na kipimo kisizidi gramu 40 za unga au oti kavu, kisha korosho na ikiwezekana yai la kuchemsha kando, kwa sababu protini na mafuta huchelewesha wanga. Maziwa yawe yasiyo na sukari. Maziwa ya kopo yale mazito ya kumimina yana sukari nyingi mno, hayamfai. Tui la nazi lisiwe la kila siku.

Kama mna kipimo cha nyumbani, mpime saa mbili baada ya kuanza kula, siku chache kwa kila chakula, mkiandika kwenye daftari alichokula na namba iliyotoka. Kwa wagonjwa wengi tunataka sukari ya damu isifike milimoli 10 kwa lita, ingawa mzee anaweza kuwekewa lengo tofauti kliniki. Hilo daftari mpeleke nalo kwa daktari wake, na dawa zisipunguzwe nyumbani hata kama namba zitapendeza.

MamaWawili amejibu:

Nawashukuru wote, na nawaomba radhi kwa kuchelewa. Tumepima kwa siku sita. Siku tatu mama alikula kama zamani, vitumbua vitatu na chai ya sukari, na namba zilikuwa 13.8, 14.1 na 12.9. Siku tatu zilizofuata alikula uji mzito wa dona ya mtama wenye korosho zilizotwangwa, pamoja na yai, na namba zilikuwa 10.4, 9.6 na 9.7. Najua siku sita ni chache, lakini mama mwenyewe ndiye sasa anayeniamsha nisiache kuupika, na daftari tutalipeleka kliniki Jumatatu.

Kwa watoto sikuweza kuliondoa boksi la asali kwa siku moja. Ninachanganya oti iliyolowekwa kwenye maziwa tangu usiku, vipande vya ndizi mbivu, halafu juu naweka kijiko kimoja cha zile nafaka za asali ili waone rangi yake. Juzi mkubwa alikuwa na haraka, akala bila kukumbuka kukidai kile kijiko. Nina swali moja tu kwa mkulima: mtama niliopata sokoni hapa ni mwekundu na uji wake una ukakasi kidogo. Je, niendelee nao au nitafute mweupe?

MkulimaNachingwea amejibu:

Tafuta mweupe, dada. Huo ukakasi ni tanini, kemikali ya asili iliyo kwenye punje, na kama ilivyo kwa chai, huzuia madini ya chuma, jambo ambalo kwa watoto si zuri. Mama akiuzoea huo mwekundu hautamdhuru, lakini pika mweupe ili sufuria iwe moja kwa nyumba nzima. Kabla hujapeleka mashineni, upete, uoshe haraka, uuanike juu ya mkeka mpaka punje ikiumwa kwa jino itoe mlio.