Masika yameingia, mlima hauna wageni: tufanyeje mawazo yasigeuke sonona (ugonjwa wa huzuni nzito)?

Mgumu wa Njoro
Habari wakuu. Tuko kikundi cha wapagazi na wapishi wa mlimani hapa Moshi, kama 30 hivi. Aprili na Mei wageni hukatika. Wengine wanashinda kijiweni, wengine wanajifungia ndani. Hatutaki kusubiri mpaka mtu azidiwe. Naomba mambo ya kufanya kila siku, ya bure au karibu na bure, tena yenye vipimo. "Usiwaze sana" tumeshaambiwa vya kutosha.

Nesi wa Zamu
Anzeni na saa ya kuamka, siyo saa ya kulala. Mlimani siku ina nguzo zake: kuamshwa, kubeba, kupiga kambi, kupika. Kazi ikikatika nguzo zote zinang'oka kwa mkupuo, na usingizi ndio wa kwanza kuharibika. Chagueni saa moja, tuseme 12:30 asubuhi, iwe hiyo hiyo Jumatatu na Jumapili, hata kama mtu kalala saa 8 usiku. Ndani ya nusu saa awe nje, akae huko dakika 20 hadi 30. Mwanga wa asubuhi ndio unaoipanga saa ya mwili, na usiku usingizi unakuja kwa wakati wake.

Kulala mchana kusizidi dakika 20, na kuwe kabla ya saa 9. Anayelala masaa mawili mchana ndiye anayekodoa macho usiku wa manane akihesabu madeni. Usingizi ukigoma kwa dakika kama 20, atoke kitandani, akae kwenye kiti penye mwanga hafifu, simu aiache, arudi akianza kusinzia. Kitanda kikizoea kuwa mahali pa kuwazia, kila akilala mawazo yanamsubiri hapo. Kahawa nayo: baada ya masaa matano hivi nusu ya nguvu yake bado imo mwilini, kwa hiyo kikombe cha mwisho kiwe kabla ya saa 8 mchana.

Mgumu wa Njoro
Shikamoo mama. Na mvua je? Kuna siku inapiga tangu alfajiri mpaka saa 5.

Nesi wa Zamu
Marahaba mwanangu. Akae barazani, uso uelekee kwenye uwazi. Hata mawingu yakiwa yameufunika mlima wote, mwanga wa nje unauzidi wa chumba chenye taa mara kumi na zaidi. Jicho linajirekebisha, ndiyo maana mtu hudhani chumbani panatosha.

Mkufunzi Pasua
Mwili uliozoea kupanda siku sita na mzigo wa kilo 20 ukiwekwa kwenye benchi ghafla, hali ya moyo inashuka nao. Lengo ni kutembea dakika 150 kwa wiki, yaani dakika 30 kwa siku tano. Kasi yake: uweze kuongea, usiweze kuimba. Msitu wa Rau panafaa, barabara ya kupanda Kibosho panafaa zaidi. Nendeni wawili wawili. Asiyejisikia kutoka atatoka kwa sababu kuna mwenzake anagonga mlango.

Halafu daftari. Kila jioni aandike mambo mawili ya kesho, kila moja na saa yake: moja la faida, moja la kuburudisha. Kushona begi lililochanika, saa 3. Drafti na jirani, saa 10. Pembeni aandike alama 0 hadi 10 za anavyojisikia kabla na baada. Baada ya wiki moja ataona mwenyewe kipi kinampandisha na kipi kinamshusha.

Kosa la kwanza ni kuandika "kusafisha shamba". Jambo kubwa hivyo halianziki. Aandike "mistari miwili ya migomba, saa 2 hadi saa 3". Kosa la pili ni kungoja hamu. Kwa mtu anayeelekea kwenye sonona, hamu huja baada ya kuanza, tena mara nyingine baada ya siku kadhaa. Hili ndilo watu wengi hawaliamini, na ndilo lenye maana kuliko yote niliyoandika.

Binti Majengo
Mbege, pombe yetu ya ndizi, msiiache nje ya mjadala. Pombe inamlaza mtu haraka, kisha inaukata usingizi nusu ya pili ya usiku. Asubuhi anaamka mzito na mwenye huzuni, anaona dawa ni kikombe kingine. Isinywewe mchana, isinywewe peke yako, na wiki iwe na siku kadhaa kavu. Ila aliyekuwa anakunywa sana kila siku asiache ghafla nyumbani. Akianza kutetemeka, kutoka jasho au kuweweseka, ni hospitali, maana degedege inaweza kufuata.

Mzee wa Kihamba
Na maombi pia, ndugu zangu.

Nesi wa Zamu
Ndiyo mzee wangu, hasa ya pamoja, jumuiya au msikitini, kwa sababu mtu anaonekana na kuulizwa hali. Tusimkataze tu kwenda hospitali.

Mgumu wa Njoro
Tutajuaje kuwa mtu ameshavuka, siyo mawazo ya kukosa kazi tu?

Nesi wa Zamu
Hesabuni wiki mbili. Huzuni, au kukosa raha hata kwa alichokipenda, karibu kutwa nzima, karibu kila siku. Pamoja na hayo usingizi na hamu ya kula kuvurugika, uchovu, kushindwa kutulia kwenye jambo, kujilaumu, kuwaza kifo. Kwa wanaume wengi huanza kama hasira na pombe. Hapo mazoea mema hayatoshi peke yake: mpelekeni hospitali, Mawenzi au KCMC. Akipewa dawa, nafuu huchukua wiki mbili hadi nne au zaidi, na asiiache kwa kuwa amejisikia vizuri.

Mkiwa na wasiwasi, muulizeni waziwazi: "Unafikiria kujiua?" Swali hilo halimpandikizii wazo. Akisema ndiyo, asiachwe peke yake hata dakika moja, apelekwe siku hiyo hiyo. Dawa ya kupulizia kahawa na sumu ya panya zitoke nyumbani, zifungiwe kwa jirani.

Mgumu wa Njoro
Asante sana mama. Dawa ya kahawa iko karibu kila nyumba huku, inakaa chini ya kitanda. Leo jioni tunapangana wawili wawili, na kila jozi itaanza na hilo.