Mlo wa friza wa boga na korosho umenishinda, au nimekosea kupika?

binti_masasi
Wadau habari za usiku. Niko Uingereza huku, Leicester, nalea wazee shifti ya usiku, na Kwaresima hii nimesema nyama naacha siku zote arobaini, sio Ijumaa peke yake. Wiki ya kwanza nimekula maharage hadi nikayachukia. Basi Jumanne nikapita supamaketi, kwenye mafriza nikakuta boksi zuri tu, picha ya kitu kama mkate umekatwa slaisi, limeandikwa korosho na lozi na skwoshi. Sasa mimi skwoshi ninayoijua ni ile ya chupa, unamimina kidogo unaongeza maji, nikasimama pale nashangaa juisi imeingiaje kwenye chakula 😂 kumbe ni boga, lile la shingo ndefu ambalo Wakenya wanaliita butternut.

Saa saba usiku kazini nikaitoa, nikatoboatoboa ile nailoni ya juu kwa uma, maikrowevu dakika sita. Kutoa, pembeni inachemka mpaka inaruka, katikati nachoma uma nasikia krrr, barafu. Nikarudisha dakika tatu nyingine ikawa uji. Maji ya rangi ya chungwa yanaelea juu, chini limelala bonge halieleweki, tamu kama wametia sukari, halafu kuna majani humo ndani yananukia kama dawa ya kikohozi. Korosho ndo msiseme. Mimi nimezaliwa Masasi, bibi yangu kabangua korosho maisha yake yote vidole vimebaki vyeusi kwa yale mafuta ya ganda, korosho naijua, na hizi nilizotafuna zilikuwa laini kama kunde zilizolala.

Nilikuwa na njaa nikala nusu, nusu nikatupa roho inaniuma. Na ninalo boksi la pili nyumbani maana ilikuwa ofa ya mbili. Kuna mtu ameshakula hivi vitu vikamnogea, au nimpe jirani tu?

kaka_wa_reading
Pole dada lakini nimecheka hapo kwenye skwoshi, na mimi ilinipata mwaka wa kwanza.

Usimpe jirani. Geuza boksi nyuma uangalie kama kuna picha ya maikrowevu au ya oveni peke yake, maana nyingi za aina hiyo ni za oveni. Maikrowevu inapasha kwa kutikisa maji yaliyomo kwenye chakula, na boga ni maji matupu. Barafu yenyewe haiyanyonyi yale mawimbi vizuri, kwa hiyo pale pembeni palipowahi kuyeyuka ndo panazidi kuchemka na katikati pamekaa vilevile kama jiwe. Ukiongeza dakika unachemsha pembeni tu. Na angalia wati, maboksi mengi vipimo vyake ni vya maikrowevu ya wati 800 au 900, zile za kazini unakuta ni 700 na imechoka.

Oveni washa mapema iwe moto kabisa ndo uingize, sio unaingiza ndo unawasha. Muda fuata wa kwenye boksi, ila zile dakika kumi za mwisho toa kifuniko juu pakauke, korosho zirudi kuwa korosho. Ukitoa iache kwanza dakika tano ishikane, ukikata papo hapo inamwagika.

Hayo majani unayosema dawa ya kikohozi ni yaleyale wanayotia kwenye mkate wa kujazia bata mzinga. Hicho chakula wenyeji wanakiweka sana mezani Krismasi kwa ajili ya yule asiyekula nyama, anakatiwa slaisi anamwagiwa grevi na viazi vya kuoka pembeni. Yaani hakikutengenezwa kuliwa peke yake kutoka kwenye trei saa saba usiku. Ni kama mtu ale ugali mkavu halafu aje aseme Watanzania hawajui kupika.

mamatwins_nax
Aki dada pole. Butternut kwetu ndio chakula ya kwanza ya mtoto akifika miezi sita, unachemsha unaponda unamlisha na kijiko. So umekula chakula ya mtoto yenye wameweka njugu ndani 😂😂

Utamu hautaisha hata na oveni, hiyo ni boga, lazima uipige na kitu kali. Kamua ndimu, weka pilipili, tengeneza kachumbari ya kitunguu mob na usitoe ukali yote kwa chumvi. Mimi naoka butternut yangu mwenyewe, nakata nusu, natoa mbegu, napaka mafuta na bizari, nalaza hiyo uso chini kwa trei mpaka ngozi ikunjane. Njugu nakaanga kando namwagia juu wakati wa kukula. Wakipika pamoja na boga halafu waweke friza lazima zinyonye maji, sasa wewe unategemea zikatike aje?

abuu_swafiy
Assalaam alaykum na poleni na mfungo wote, wa Kwaresima na wa Ramadhani maana zimeingia karibu pamoja.

Naongezea kwa ndugu zangu Waislamu wanaokimbilia vyakula vya mboga huku wakidhani hapo ndo salama: ile alama ya mboga inakwambia hakuna nyama, haikwambii hakuna divai. Nimeshakuta divai kwenye viambato vya mlo wa boga na jibini, tena nilishaufungua. Someni nyuma kabla ya kulipa.

Halafu kusema kweli watu wa pwani tunashangaa, boga si futari hilo? Boga, tui zito, iliki, chumvi kidogo, limekwisha. Hilo lenu mnalinunua pauni kadhaa likiwa limegandishwa.

kaka_wa_reading
@abuu_swafiy tui zito saa saba usiku kazini nani akukunie sheikh

nesi_mstaafu
Binti yangu, mimi hayo ya ladha nawaachia. Swali langu ni moja, hiyo maikrowevu ya kazini uliifuta? Umesema ilikuwa inaruka. Nimefanya kazi kwenye nyumba za wazee miaka mingi na kitu cha kwanza unaangalia kwenye faili la mzee ni mzio. Sheria ya huko ina vitu 14 vya mzio ambavyo lazima vionekane wazi kwenye orodha ya viambato, ndo maana unaona maneno mengine yamekolezwa wino. Karanga wameiweka peke yake, na korosho, lozi na wenzake kundi lao, kwa sababu karanga ni ndugu yake maharage. Mtu anaweza kula karanga miaka yote hajambo, akaonja korosho koo likavimba. Kwa hiyo usijisemee moyoni kwamba fulani nilimwona anakula karanga hana shida.

binti_masasi
Nimerudi na mrejesho. Leo nilikuwa ofu nikapika la pili. Kaka wa Reading ulisema kweli, nyuma kuna picha ya oveni kubwa tu na ya maikrowevu imepigwa mstari, mimi nilisoma mbele. Dakika arobaini na tano, kumi za mwisho nikafunua. Juu pakawa rangi ya kahawia, nikachoma kisu katikati nikakigusisha mdomoni kikaniunguza, nikajua hapa barafu hakuna. Inakatika slaisi kama kwenye picha kabisa.

Bado ni tamu, lakini kwa pilipili ya ndimu na kachumbari ya mama twins nimemaliza sahani na nikaongeza. Korosho za juu zinakatika, za ndani bado ni kunde. Na nzima sijaona hata moja, zote vipande vipande, bibi angeziweka kwenye lile fungu la chini kabisa.

nesi_mstaafu
Hujajibu kuhusu maikrowevu.

binti_masasi
Shikamoo mama. Niliifuta. Kwa tishu kavu. Kesho naingia mapema naenda na sabuni.