Kituo kimoja cha zimamoto na ambulensi Kibaha, nimekosea wapi kwenye ramani?

Mchoraji wa Pwani
Habari za usiku wakuu. Niko mwaka wa mwisho usanifu majengo, projekti yangu ni kituo ambacho zimamoto na ambulensi wanakaa pamoja. Nimechagua Kibaha kwa sababu ya Barabara ya Morogoro, malori na mabasi yanapita usiku na mchana, na ajali ikitokea anayepiga 114 anahitaji mtu wa kukata bati na mtu wa kumhudumia majeruhi kwa mpigo. Nataka jengo lisitegemee sana umeme wa gridi wala maji ya bomba. Mpaka sasa nimeweka sola paa zima, magari upande wa kaskazini, vyumba vya kulala kusini vipate upepo wa kusi. Mwalimu kasema tu "fikiria tena". Nimekosea wapi?

Zima Kwanza
Mdogo wangu hongera, wazo zuri sana. Niko kwenye kazi hii miaka 14 nakwambia kosa lako ni upepo. Kusi umeukumbuka, kaskazi je? Ikifika Desemba mpaka Machi upepo unageuka, unatoka kaskazini mashariki, na ndiyo miezi ya joto kali watu wanalala madirisha wazi, kwa hiyo asubuhi gari likiwashwa kukaguliwa eksozi yote inaingia vitandani. Peleka magari magharibi. Kusi inatoka kusini mashariki, kaskazi kaskazini mashariki, zote zitapita vyumbani kwanza ndiyo zifike kwenye magari, na jua la jioni litapiga gereji badala ya kupiga wanaolala.

Usidharau hili. Wataalamu wa saratani wa WHO waliuweka moshi wa dizeli kwenye kundi la vinavyosababisha saratani mwaka 2012, halafu 2022 wakaiweka kazi yenyewe ya zimamoto kundi hilohilo. Kituo nilichoanzia tulikuwa tunatundika makoti ya moto koridoni, hatua mbili kutoka kitandani, unaamka mto unanuka plastiki iliyoungua. Kwa hiyo mtu akirudi kwenye tukio apite nje kwanza, avue, aoge, makoti yafuliwe hukohuko, ndiyo aingie ndani. Hapo usibane nafasi hata kidogo.

Nesi wa Barabarani
Naongezea la upande wetu. Ambulensi inatoka mara nyingi kuliko gari la moto, sasa ukituweka nyuma ya lile gari kubwa umetuua. Tupe mlango wetu, tutokee mbele, tukirudi tuingilie mlango wa nyuma bila kupiga rivasi. Na kengele zitenganishwe tafadhali, mama mwenye uchungu akihitaji gari saa 8 usiku hakuna sababu askari 10 wa zimamoto waamke na mioyo inawadunda.

Machela ikirudi na damu inaoshwa na klorini, hayo maji yawe na mtaro wake, yasikutane na ya kuoshea mipira ya kuzimia moto. Mitungi ya oksijeni iwe na chumba chake chenye hewa, mbali na oili na grisi. Jiko na meza ya chakula ndiyo tushee, tena iwe moja kubwa, mkila pamoja mnajuana na kwenye ajali hamhitaji maneno mengi.

Fundi Bomba
Mimi nazungumzia maji maana sola kila mtu anaikumbuka. Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ya paa ni lita 1. Paa la mita za mraba 500, mvua ya milimita 1,000 kwa mwaka, toa moja ya tano inayopotea, unabaki na lita 400,000, yaani kujaza gari la lita 5,000 mara 80. Shida ni Juni mpaka Septemba mvua ni haba, kwa hiyo chimba tanki kubwa la zege chini, sola ipandishe maji mchana kwenye tanki la juu, bomba la inchi 4 lishuke mpaka kwenye gari. Umeme ukikatika maji yanashuka yenyewe. Na sakafu ikumbuke maji peke yake kwenye gari hilo ni tani 5.

Betri za sola weka chumba cha nje. Zibebe redio, taa, friji ya dawa na pampu, AC usiziingize kwenye hesabu hiyo.

Mchoraji wa Pwani
Asanteni sana jamani, kaskazi nilisahau kabisa na mimi mtu wa Pwani! Nimefuta, nageuza usiku huuhuu. La mwisho, milango ya magari, ya kujikunja juu au ya kufunguka pembeni?

Zima Kwanza
Pembeni. Ya juu ikikwama nusu dereva hajui kama gari litapita, ya pembeni anaiona kwa macho yake, na umeme usipokuwepo watu wawili wanaisukuma.